Thamani ya Jibu

Swali ni mlango wa elimu, na jibu ni chumba kilicho nyuma ya mlango huo. Walakini si kila aliyemo chumbani alipita mlangoni. Mmoja alibisha, akangoja, akafunguliwa. Mwingine aliinuliwa na watu akapitishwa dirishani. Wote wawili wamo ndani ya chumba kimoja, lakini mmoja tu ndiye aijuaye njia ya kurudi siku nyingine akiwa peke yake. Katika kurasa hizi nataka tufikiri pamoja, wanafunzi wapenzi, juu ya jambo hili: je, kulipata jibu ni sawasawa na kujua?

Swali lenyewe ni la kale, lakini limepata nguvu mpya kwa sababu ya vyombo vilivyoingia madarasani katika siku zetu. Zamani chombo cha mwalimu kilikuwa ubao na chaki, na chombo cha mwanafunzi kilikuwa daftari na kalamu. Vyombo hivyo vilikuwa vitiifu, lakini vilikuwa mabubu. Daftari halikupata kumwambia mwenyewe, "Hapa umekosa." Leo ziko tarakilishi na vishikwambi ambavyo, vikiunganishwa na mtandao, humwuliza mwanafunzi swali, humngoja, humpima, kisha humrudishia neno. Twaweza kuviita vyombo vijibizanavyo. Wako watu wavisifuo kana kwamba vimekuja kuchukua mahali pa mwalimu, na wako wavichukiao kana kwamba vimekuja kuua akili. Mimi sioni kuwa sifa wala chuki hiyo ina haki kabla ya jambo lenyewe kupimwa.

Kwanza na tukumbuke kuwa kufundishana kwa kujibizana si jambo geni kwetu. Mababu zetu walikaa jioni wakategeana vitendawili. Mmoja husema, "Kitendawili!" Wengine huitikia, "Tega!" Fumbo likatolewa, na kila mtu akajaribu. Waliposhindwa hawakupewa jibu vivi hivi. Mtegaji alisema, "Nipeni mji," nao wakampa mji. Pengine aliukataa wa kwanza akadai mwingine, mpaka akaridhika. Ndipo alipoufumbua mfumbo. Ule mji haukuwa kitu cha kushikwa mkononi. Hakuna aliyehama nyumba yake kwa ajili ya kitendawili. Lakini desturi hiyo ilikuwa na maana kubwa: ilimfundisha mtoto kwamba jibu lina bei, na kwamba asiyelipa kwa kufikiri sharti alipe kwa kukiri kuwa ameshindwa. Mtoto aliyetoa mji alilikumbuka jibu lake, kwa maana alikuwa amelinunua.

Wayunani nao waliijua njia hii. Plato, katika kitabu chake kiitwacho Meno, ameeleza jinsi Socrates alivyomwuliza kijana mtumwa maswali juu ya mraba. Mraba ule ulikuwa na upande wa futi 2, na eneo lake kwa hiyo lilikuwa futi za mraba 4. Kijana aliulizwa upande wa mraba wenye eneo maradufu, yaani futi za mraba 8. Alijibu upesi kuwa upande huo ni futi 4. Akaonyeshwa kuwa eneo litakuwa 16. Akajaribu futi 3. Akaonyeshwa kuwa eneo litakuwa 9. Hapo akakiri kuwa hajui. Socrates hakumcheka. Alisema kwamba kijana yule sasa yu katika hali bora kuliko mwanzo, kwa kuwa mwanzo alidhani anajua, na sasa ajua kuwa hajui. Baada ya hapo ndipo kijana alipoongozwa, kwa maswali, mpaka akaona kuwa mraba unaotakiwa hujengwa juu ya ulalo wa mraba wa kwanza.

Karne nyingi zilipita kabla ya watu kujaribu kukipa chombo kazi ya kuuliza. Katika miaka ya 1920, Sidney Pressey wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio, Marekani, aliunda mashine ndogo yenye vibonyezo 4. Mwanafunzi alisoma swali, akabonyeza jibu alilolichagua. Mashine iliweza kutengenezwa isilete swali lingine mpaka kibonyezo cha haki kibonyezwe. Mwaka 1954 B. F. Skinner, mtaalamu wa elimu ya nafsi, alionyesha mashine yake mwenyewe mjini Pittsburgh. Mwaka mmoja nyuma alikuwa amelitembelea darasa la binti yake, akaona jambo lililomsumbua: watoto walifanya hesabu zao bila ya kujua papo hapo kama wamepata au wamekosa, na wote walilazimishwa kwenda mwendo mmoja, mwepesi na mzito wa kuelewa. Skinner alitaka kila mtoto aende kwa mwendo wake na ajue matokeo ya kazi yake mara moja. Zaidi ya hayo, alipenda mwanafunzi alitunge jibu lake mwenyewe badala ya kulichagua miongoni mwa majibu aliyowekewa tayari. Ndani ya jambo hilo dogo mna tofauti kubwa. Achaguaye aweza kubahatisha. Atungaye sharti awe na kitu cha kutunga.

Na tuvitazame sasa vyombo vya leo. Mwaka 2001 Markus Hohenwarter, katika Chuo Kikuu cha Salzburg nchini Austria, alianza kuunda programu iitwayo GeoGebra. Kwa programu hiyo mwanafunzi aweza kuchora pembetatu kwenye kiwambo, kisha akaishika ncha yake moja na kuivuta huku na huku. Pembetatu hunyooka, hulala, hurefuka, hufinyika. Na kando yake tarakimu za pembe zake hubadilika kila mara. Lakini jumla yao haibadiliki: ni digrii 180, hata avute vipi. Mwanafunzi aliyeambiwa jambo hili kwa maneno tu hulikariri. Aliyelivuta kwa mkono wake huliona. Hiyo ni faida kubwa, na ubao wa kale haukuweza kuitoa.

Lakini hapa ndipo panapotakiwa uangalifu. Kuona kuwa jambo li hivyo si kujua kwa nini li hivyo. Hata mtu akiivuta ncha ile mara 1,000, atakuwa ameziona pembetatu 1,000 tu, na pembetatu zilizobaki hazina mwisho. Yule atakaye kujua hana budi kuuacha mkono utulie na kuiacha akili ifanye kazi. Achore mstari upitao katika ncha ya juu, ulio sambamba na kitako cha pembetatu. Ataona kuwa pembe mbili za chini zina wenzao huko juu, zilizo sawa nazo, kila moja upande wake wa ncha. Na pembe hizo mbili pamoja na ile ya ncha zimelala juu ya mstari mmoja ulionyooka. Mstari ulionyooka ni digrii 180. Basi si pembetatu moja wala 1,000, bali ni zote, zilizochorwa na zisizochorwa. Chombo kilimpa mwanafunzi mshangao. Fikira ndiyo iliyompa ujuzi. Akiridhika na mshangao akaenda zake, amefika mlangoni na hakubisha.

Mfano wa pili ni wa sayansi. Mwaka 2002 Carl Wieman, aliyepewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2001, alianzisha katika Chuo Kikuu cha Colorado, Marekani, kazi iitwayo PhET. Humo mna majaribio ya kuigiza yatolewayo bure, na baadhi yake yamefasiriwa kwa Kiswahili. Mwanafunzi aweza kuunganisha betri, waya na glopu kwenye kiwambo. Akikosea sana katika kuunganisha, huona ndimi za moto, lakini moto huo haumuunguzi mtu. Kwa shule isiyo na maabara, au yenye betri chache kwa wanafunzi wengi, hii ni neema isiyo kifani. Kujikwaa si kuanguka, bali ni kwenda mbele. Na hapa mwanafunzi aweza kujikwaa mara nyingi bila ya hasara. Walakini moto usiounguza una upungufu wake. Haumfundishi mtu hofu njema iliyo mama wa uangalifu. Siku moja atashika waya wa kweli, na waya wa kweli hausamehe.

Mfano wa tatu ni wa mashindano. Kahoot ni chombo kilichotoka nchini Norway na kufunguliwa kwa watu wote mwaka 2013. Swali huonyeshwa mbele ya darasa, na kila mwanafunzi hubonyeza rangi iliyo na jibu alichagualo. Kwa desturi ya chombo hicho, ajibuye kwa usahihi hupata alama, na ajibuye kwa usahihi na kwa wepesi hupata alama nyingi zaidi. Majina ya walio mbele huonyeshwa baada ya kila swali. Darasa lililokuwa likisinzia huamka, hushangilia, huomba swali jingine. Furaha hiyo si kitu cha kudharau, maana mwanafunzi afurahiye kazi yake amekwisha shinda nusu ya safari. Lakini na tujiulize, ni tabia gani inayotuzwa hapo? Ni wepesi. Yule mwanafunzi asomaye swali mara mbili, akapima kila neno, akakataa jibu lenye kushawishi, huwa nyuma ya mwenzake aliyebahatisha akapata. Haraka haraka haina baraka, walisema wazee. Chombo hiki, kikiachwa kama kilivyo, huipa haraka baraka zote. Mwalimu mwenye hekima aweza kuurefusha muda, aweza kuziondoa alama, na baada ya kila swali aweza kusimamisha mchezo akauliza, "Kwa nini?" Neno hilo moja hugeuza mashindano kuwa somo.

Najua kuwa wako watakaonipinga, na pingamizi lao lina uzito. Watasema: katika kila darasa yuko mwanafunzi mwenye haya, ambaye hainui mkono mwaka mzima. Si mjinga, huogopa kicheko. Chombo hakicheki. Chombo hakichoki kurudia. Humwambia amekosa bila ya mtu mwingine kusikia, naye hujaribu tena mpaka akapata. Je, si huruma kumpa mwanafunzi huyo rafiki asiyemwaibisha?

Ni huruma, nami nakubali kabisa. Katika kazi ya ualimu nimewaona wanafunzi wa namna hiyo, na kimya chao ni mzigo mzito kwa mwalimu kama kilivyo kwao. Lakini nauliza zaidi: kosa liko wapi hasa? Liko katika mwanafunzi aliyekosea jibu, au katika wenziwe waliomcheka? Ikiwa darasa lina kicheko kibaya, kumficha mmoja nyuma ya kiwambo hakukiponyi kicheko hicho. Kunampa mmoja pa kujificha na kuwaacha wengine na ukatili wao. Tena, ulimwengu haujibiwi kwa kubonyeza. Siku moja mwanafunzi yule atasimama mbele ya baraza la kijiji, au mahakamani, au mbele ya wafanyakazi wenzake, na atatakiwa aseme neno ambalo huenda likawa kosa. Ushujaa wa kukosea mbele za watu, na adabu ya kumsikiliza mkosaji bila ya kumcheka, ni masomo mawili yasiyofundishwa na chombo cho chote, kwa sababu hufundishwa na watu kwa watu. Basi chombo na kiwe ngazi ya mwenye haya, kisiwe pango lake. Ajaribu humo kwa siri, kisha atoke aseme kwa wazi.

Sasa nafikia jambo zito kuliko yote. Tangu Novemba 2022, ilipofunguliwa kwa watu wote programu iitwayo ChatGPT, vyombo vijibizanavyo vimegeuka. Vile vya kwanza viliuliza, mwanafunzi akajibu. Hivi vipya huulizwa na mwanafunzi, navyo hujibu. Na jibu lao si neno moja, bali ni insha nzima, hesabu nzima, barua nzima. Mwanafunzi aweza kuandikiwa kazi yake kwa muda mfupi kuliko ule wa kuchonga penseli. Pengine jibu ni sahihi. Pengine ni kosa lililovikwa maneno mazuri, na asiyejua hana mizani ya kulipimia.

Wengine watasema kuwa ubaya wa jambo hili ni kumdanganya mwalimu. Huo ni ubaya, lakini ni ubaya mdogo. Mwalimu aliyedanganywa hupoteza muda wa kusahihisha. Aliyedanganya hupoteza kitu kikubwa zaidi, kwa kuwa hurudi kitini akiwa na alama nzuri na akili ile ile, na baada ya muda husahau kuwa alama ile haikuwa yake. Nguo ya kuazima haisitiri maungo. Mwenye nguo yake akija kuichukua, aliyeiazima huachwa uchi kati ya watu. Siku ya mtihani ni siku ya kurudisha nguo; na maisha yana mitihani mingi kuliko shule, tena haitangazwi tarehe yake. Mgonjwa atakayeletwa mbele yako, daraja utakalolijenga, mtoto wako atakayekuuliza swali gizani umeme ukiwa umekatika: hao hawatauliza ulipata alama ngapi.

Ikiwa ni hivyo, je, vyombo hivi vikatazwe? La. Kisu hukata mkate na hukata kidole, wala hakuna aliyevunja visu vyake vyote kwa ajili ya kidole kimoja. Yatupasa kutofautisha matumizi mawili. Mwanafunzi akiandika hoja yake kwanza, kisha akakiambia chombo, "Nionyeshe palipo dhaifu," amefanya kama kijana wa Socrates: ameweka jibu lake mbele ya swali. Mwanafunzi akisema, "Niandikie," amepitishwa dirishani. Chombo ni kile kile, na kiwambo ni kile kile. Kilichotofautiana ni nani aliyebeba mzigo wa kufikiri.

Pamoja na wajibu wa mwanafunzi uko wajibu wa nchi, nao ni haki. Hapa Kenya serikali iliahidi mwaka 2013 kuwapa watoto wa darasa la kwanza vipakatalishi. Mwaka 2016 mpango ulianza kwa vishikwambi, na zaidi ya 1,000,000 vilipelekwa katika shule za msingi za umma. Lilikuwa jambo la kusifiwa. Lakini kishikwambi bila ya umeme ni kibao cha plastiki, na kishikwambi bila ya mwalimu aliyefunzwa kukitumia ni siri iliyofungwa kabatini. Kisha ukaja ugonjwa wa Korona. Shule zilifungwa Machi 2020. Baadhi ya wanafunzi walirejea Oktoba mwaka huo, na wengine wote wakarejea Januari 2021. Katika miezi hiyo mtoto mwenye simu na mtandao nyumbani aliweza kuulizwa na kujibiwa. Mwenziwe aliweza kusikiliza vipindi vya masomo katika redio, ikiwa nyumbani mlikuwa na redio. Nayo redio husema lakini haisikii. Wa tatu hakuwa na hiki wala kile. Hao watatu ni watoto wa nchi moja, na mtihani wao ni mmoja. Tukivisifu vyombo vijibizanavyo huku tukiwasahau wasiovifikia, tutakuwa tumejenga mlango mzuri na kuwapa ufunguo wachache. Na wewe uliye na chombo mkononi, huna ruhusa ya kukitumia kivivu, kwa maana yuko mwenzako ambaye angekitumia vema lau angekipata.

Basi narudi kwenye swali letu. Kulipata jibu si sawasawa na kujua. Ajuaye ana mambo matatu ambayo mwenye jibu tupu hana. Kwanza, aweza kueleza kwa nini jibu ni hilo na si lingine. Pili, swali likibadilishwa nguo aweza kulitambua. Tatu, aweza kukosea, akaliona kosa lake, na akalisahihisha mwenyewe. Kila chombo, kiwe ubao au kishikwambi, na kipimwe kwa mambo hayo matatu. Kikikusaidia kuyapata, kikumbatie kama rafiki. Kikikupa jibu na kukunyima hayo, kimekupa ganda la yai na kubaki na kiini.

Utakapokaa mbele ya kiwambo, kikakuuliza, usikimbilie kubonyeza. Sema jibu lako moyoni kwanza, pamoja na sababu yake. Ukipata, jiulize kama ungepata bila ya kubahatisha. Ukikosa, usiliruke kosa lako kama mtu arukaye dimbwi. Simama ulitazame, maana humo mna uso wako. Na pale usipoweza kabisa, usione haya kusema, "Nimeshindwa." Toa mji wako kwa moyo mkunjufu, kama walivyotoa wazee wetu jioni walipotegeana, kisha likumbuke jibu kwa bei uliyolinunulia.